Kichwa cha Kijani Kwenye Tundu la Buluu

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana, kitambulisho, na jozi moja ya viatu vya usalama ambavyo hakuna binadamu mwingine angevitaka. Vijana wa zamu waliniomba niwaandikie kitu kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Nadhani walimaanisha nywila za mashine. Nywila nimewaachia kwenye daftari. Hapa nawaandikia mengine. Vyeo sitavitaja, maana vingi vilikuwa majina mapya ya kazi ileile. Mishahara mnaijua, na mnailalamikia kwa maneno yaleyale niliyoyatumia mimi.

Nilifika Johannesburg kutoka Tanga nikiwa na shahada ya fizikia na imani kubwa juu yake. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtaa wa mji huu ulikuwa umechimbwa kandokando kwa ajili ya faiba ya intaneti, na wenye nyumba walikuwa wakitoka asubuhi na kukuta shimo pale walipoacha ua la waridi. Kampuni yetu ndogo ya ukandarasi, pale Malvern nyuma ya Jules Street, ilihitaji watu. Kwenye usaili nilieleza kwa dakika ishirini jinsi mwanga unavyosafiri ndani ya uzi wa kioo bila kutoroka. Meneja wa kazi za nje, Sis Thandeka, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina leseni ya gari. Nilikuwa nayo. Nikapata kazi. (Maneno ya Sis Thandeka nayaandika kwa Kiswahili, ingawa yeye alisema Kiingereza. Kiswahili chake kiliishia kwenye “polepole”, neno alilolitumia kutukaripia.)

Siku hiyohiyo nilikabidhiwa kwa Papa Bahati. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mfupi mwenye kipara na miwani mbili, moja ya barabarani na moja ya kazini. Kwao alikuwa fundi saa. Bahati alikuwa binti yake wa kwanza, na kama watoto wote waliozaliwa hapa, alizungumzishwa Kiswahili na kujibu kwa Kizulu, na ugomvi wa nyumbani kwao Kensington ulikwenda vizuri tu bila mkalimani.

“Weye ndiye uko na diplome ya mwanga?” aliniuliza.

“Shahada ya fizikia, Papa.”

“Ni vizuri. Profesa, shika hii.”

Ulikuwa ufagio. Nilifagia chumba cha mitambo kwa saa nzima, na nilipomaliza akaniambia nifagie tena, kwa sababu adui yetu si umbali, si mvua, si wezi wa nyaya. Adui yetu ni vumbi. Uzi wa faiba ni mwembamba kama unywele, na sehemu yake inayopitisha mwanga ni nyembamba zaidi mara nyingi. Chembe moja ya vumbi usiyoiona kwa jicho, ikikaa katikati ya kichwa cha kamba ya faiba, ni kama jiwe kubwa lililoporomoka likaziba njia nzima. Chuoni jambo hilo nililisoma katika aya moja na kulijibu vizuri kwenye mtihani. Ufagio nao ukanieleza upya.

Alinifundisha kuunga. Unamenya ganda la uzi, unaufuta kwa spiriti hadi ulie kwi, unaukata kwa kisu chenye gurudumu, kisha mashine inaziyeyusha ncha mbili na kuzifanya moja. Vipande vya kioo vinavyobaki unavibandika kwenye utepe wa gundi uliouweka pajani, na mtu haruhusiwi kula hadi utepe ule uwe umetiwa kwenye chupa na chupa imefungwa. Mimi nilikiuka sheria hiyo siku ya nne kwa ajili ya andazi. Kipande cha kioo kilikaa kwenye kidole changu wiki mbili, na Papa Bahati alinisalimu kila asubuhi kwa kuuliza hali ya kidole kabla ya hali yangu.

Sikuwa na mikono ya kuunga, na sote wawili tulilijua hilo mapema. Nilichoweza zaidi ni upande wa vifaa: swichi za mtandao, makabati, na zile transiva. Transiva ni kipande cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba; unakisukuma ndani ya swichi, nacho hugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Zipo za masafa mafupi na za masafa marefu. Katika mwezi wangu wa pili nilitaka kujaribu mbili mpya za kilomita themanini, na kwa kuwa sikuwa na kilomita themanini karakanani, niliziunganisha mezani kwa kamba ya mita mbili. Niliwasha. Moja ikawaka, nyingine ikafa palepale.

Papa Bahati aliinusa ile maiti. “Hii kitu imefanywa ili imulike mutu kule ng’ambo ya mulima. Weye umemumulika tochi ndani ya macho.”

“Nilisahau kuweka kipunguza mwanga.”

“Haukusahau, Profesa. Ulikuwa unajua sana. Ni ugonjwa tofauti.”

Basi tukagawana kazi, na mgawanyo huo ndio ninaotaka muuelewe. Faiba ikitoka barabarani huishia kwenye paneli, sanduku bapa lenye matundu. Nyuma ya paneli kuna nyuzi zilizoungwa. Mbele yake unachomeka kamba fupi inayokwenda kwenye transiva. Nyuma palikuwa pa Papa Bahati, mbele palikuwa pangu. Yeye hakuwahi kugusa mbele, mimi sikuwahi kugusa nyuma. Haikuandikwa popote. Ilikuwa heshima tu: kufungua kazi ya mwenzako iliyokwisha kufungwa ilikuwa sawa na kuonja tena chumvi kwenye chungu cha mpishi mwenyewe akikutazama. Tulifanya kazi hivyo kwa miaka sita, na nawaambia kweli, sijapata tena kuwa na raha ya namna ile kazini. Mchana tulikula sombe, yaani kisamvu, kwa mama mmoja wa Uvira pale Jules Street, tukibishana kama pap ni ugali au ni uji uliokataa kukua, na alasiri tukirudi tulikuta sanduku la mashine liko vilevile ndani ya pikapu, na kazi imetungoja.

Mwaka huo wa sita tuliunganisha zahanati moja binafsi upande wa kaskazini, si mbali na Diepsloot. Ilikuwa inapiga picha za eksirei na kuzituma mjini kwa daktari mwenye kuzisoma. Papa Bahati aliunga nyuma, mimi nikachomeka mbele, taa zikawaka kijani, tukasaini. Kesho yake mimi nilitumwa peke yangu upande wa magharibi, kwenye mradi wa maghala uliochukua miezi miwili.

Niliporudi karakanani, siku ya Jumatano, watu walinisalimu kwa sauti ya msibani. Papa Bahati alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akipangusa kisu cha kukatia, kisu ambacho tayari kiling’aa.

“Ijumaa wananiita ofisini,” alisema.

“Kwa lipi?”

“Zahanati. Laini inakatika kila mchana. Nimeunga upya mara moja, nikaunga upya mara ya pili. Inakatika. Sasa wanasema mikono inatetemeka.”

“Inatetemeka?”

Alininyooshea mikono yote miwili. Ilikuwa imetulia kama imechongwa. “Lakini niko na miaka hamsini na tisa,” alisema, “na ile karatasi inasema kosa iko pale nimeunga.”

Karatasi yenyewe ilitoka kwenye mashine inayopiga mwanga ndani ya faiba kutoka upande mmoja na kuchora mahali unapopotea. Ni mashine nzuri, lakini ina kasoro moja: vitu viwili vilivyo ndani ya mita moja huvichora kama kitu kimoja. Ilikuwa imechora hasara kubwa pale mwisho, penye paneli. Kila mtu aliisoma kuwa ni maungio ya Papa Bahati. Na alichokuwa anakipoteza hakikuwa kazi tu. Kibali chake cha kukaa na kufanya kazi nchini kilifungwa kwenye barua ya kampuni. Barua ikiondolewa, alikuwa na wiki chache za kutafuta mwajiri mwingine wa fundi wa miaka hamsini na tisa aliyefukuzwa kwa mikono mibovu. Watoto watatu walikuwa shuleni.

Alhamisi Sis Thandeka aliniita. “Nenda zahanati, uthibitishe kwamba upande wa vifaa hauna tatizo. Nataka liwe kwenye maandishi kabla ya kesho.”

“Kwa hiyo ripoti yangu ndiyo itakayotumika dhidi yake?”

“Ripoti yako itakuwa ripoti,” alisema. Hakupenda jambo lile zaidi yangu. Alikuwa amekwisha kulisogeza mbele mara mbili.

Nesi mkuu wa zahanati alinifungulia chumba kidogo chenye paa la bati. “Nyinyi mafundi mnakuja asubuhi,” alisema. “Tatizo linakuja saa nane. Wagonjwa wamekaa kwenye benchi, mkono umevunjika, picha haiendi. Safari hii hutoki hapa hadi saa nane.”

Sikuhitaji kungoja saa nane. Nilifungua kabati, nikainama, na nikaiona mara moja.

Hapa lazima niwaeleze hata nyinyi mnaojua, kwa sababu nami nilijua. Vichwa vya kamba ni vya aina mbili. Kile cha buluu kimesuguliwa bapa. Kile cha kijani kimesuguliwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi nane, ili mwanga unaorudi uangukie pembeni. Buluu kwa buluu hugusana vizuri, na kijani kwa kijani vivyo hivyo. Lakini kijani ukikiingiza kwenye tundu la buluu kinaingia, kinakaa, hata kinalia kak kama kilichofika nyumbani. Ndani, ncha mbili zinagusana kwa ukingo tu, na katikati panabaki upenyo wa hewa. Mwanga unapita, lakini kwa kuchechemea.

Kwenye tundu la buluu la paneli ile kulikuwa na kichwa cha kijani. Mbele. Upande wangu.

Nilikumbuka vizuri kabisa. Siku ile kamba za buluu zilikuwa zimekwisha kwenye boksi na mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yamejaa. Nilikuwa na kamba moja yenye kichwa cha kijani. Fundi asiyesoma asingethubutu. Mimi nilisimama pale nikapiga hesabu kichwani: nyuzi nane, hasara kiasi hiki, laini ni fupi, transiva ina nguvu ya akiba. Nilipima, na mwanga ulikuwa juu kidogo ya kiwango. Nikasema nitairudia kesho kutwa kuibadilisha. Kesho kutwa nilikuwa maghalani. Na hesabu yangu, naomba ieleweke, ilikuwa sahihi kabisa kwa asubuhi yenye ubaridi. Sikuweka ndani yake bati la paa wala joto la saa nane mchana.

Nilichomoa ile kamba, nikasafisha, nikachomeka ya buluu. Namba kwenye kipima mwanga ilipanda kama mtu aliyetua mzigo. Saa nane ilikuja ikapita, picha zikaenda, nesi akanipa chai. Kamba ya kijani ilikuwa mfukoni mwangu.

Njia nzima ya kurudi nilijadiliana na nafsi yangu, na nafsi yangu ilikuwa na shahada pia. Laini imepona, ilisema. Kesi itakufa yenyewe. Mimi nami niko kwa kibali. Niliposimama kwenye robot ya mwisho, maana ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, kabla ya Malvern nilikuwa nimekwisha kujiridhisha kwamba kunyamaza kwangu kutamsaidia Papa Bahati kuliko kusema kwangu. Robot iligeuka kijani na aliye nyuma yangu akapiga honi.

Ijumaa tulikaa watatu ofisini: Sis Thandeka nyuma ya meza, Papa Bahati amevaa koti la kanisani, mimi karibu na mlango.

“Laini iko safi tangu jana,” Sis Thandeka alisema. “Umefanya nini?”

“Nilisafisha,” nilijibu. Haukuwa uongo. Ndiyo aina mbaya zaidi ya uongo.

“Ulisafisha wapi?”

“Kwenye paneli.”

“Kwa hiyo aliacha uchafu kwenye maungio.” Aliandika. “Mara tatu. Papa, hili ni baya kuliko mikono. Mikono ningeielewa.”

Nilimtazama Papa Bahati nikitarajia apinge. Badala yake alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeaga: “Asante, Profesa. Angalau wagonjwa watapita.”

Nadhani kama angenilaumu ningeendelea kunyamaza. Nilitoa kamba mfukoni nikaiweka juu ya meza. Kichwa cha kijani kilitazama juu.

“Hiki ndicho kilichokuwa mbele ya paneli,” nilisema. “Nilikichomeka mimi. Nilijua ni kijani. Maungio yake hayana kosa, hayakuwahi kuwa na kosa.”

Sis Thandeka aliikodolea macho. “Eish,” alisema, akaweka kalamu chini. Kisha: “Ulijua lini?”

“Jana asubuhi.”

“Na dakika mbili zilizopita ukaniambia umesafisha.”

“Ndiyo.”

Papa Bahati alivaa miwani yake ya kazini. Aliiokota kamba, akaitazama ncha, akaigeuza. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa hasira.

“Nilienda pale mara mbili,” alisema. “Ile kabati ilikuwa mbele yangu. Sikuifungua.”

“Kwa nini, Papa?”

“Sababu ni weye ulichomeka.”

Alirudisha kamba mezani na kukunja miwani. Nimesikia makaripio mengi katika kazi hii, mengine kwa lugha nne kwa pamoja, na hakuna lililonifikia ndani kama lile.

Sikufukuzwa. Sis Thandeka alisema aliyekiri ana faida moja, kwamba kosa lake linajulikana. Papa Bahati alirudi barabarani Jumatatu, akapewa msaidizi mwingine. Mimi niliondolewa nje na kupelekwa stoo, kwenye chumba chenye dirisha la nondo, nikagawe kamba na transiva. Siku chache baadaye ukabandikwa utaratibu mpya ukutani, ule ambao nyinyi mnauona wa kawaida: kila anayepokea kamba aikague kwa hadubini kabla ya kuondoka, na wa mwisho kutoka kwa mteja akague mbele na nyuma, bila kujali nani alifanya. Mmekuwa mkiuliza nani alileta usumbufu huu. Sasa mnajua.

Stoo nilijifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Nilizipanga kamba kwa rangi, kwa urefu, kwa aina ya kichwa. Nilipima kila transiva iliyorudi na kuiandika afya yake. Nilikuta nyingi zilizotupwa kuwa zimekufa zilikuwa chafu tu. Sikupiga hesabu ya kichwani hata moja.

Papa Bahati alikuwa akija dirishani kila asubuhi saa moja kamili. Alinisalimu vizuri, aliuliza hali ya nyumbani, nami niliuliza ya kwake, na Bahati alikuwa amefaulu, na mdogo wake alikuwa na kikohozi. Kisha nilimpa mfuko wa kamba zake za siku. Aliufungua palepale, akavaa miwani, akavuta hadubini ya dirishani, na kuzikagua moja moja, vichwa vyote viwili, akifuta kila kimoja na kurudisha kifuniko chake. Wengine walikagua mbili tatu kwa kutimiza wajibu. Yeye alikagua zote. Foleni ilijaa nyuma yake hadi uani na watu wakaanza kunung’unika, na hakuharakisha, na mimi nilisimama upande wa pili wa nondo nikimtazama akitafuta kosa langu. Hakulipata hata siku moja. Nilikuwa nazisafisha usiku wa kuamkia zamu yake, kila moja mara mbili. Hali hiyo iliendelea sehemu kubwa ya mwaka.

Asubuhi moja, baridi ya Juni ikiwa imegandisha vioo vya magari, alikuja kama kawaida. Tukasalimiana. Kikohozi kilikuwa kimepona. Nikampa mfuko, nikamsogezea hadubini. Aliusaini mfuko kwenye daftari, akautia begani bila kuufungua, na akaondoka. Aliyekuwa nyuma yake, aliyezoea kungoja nusu saa, alishtuka kujikuta dirishani na hakuwa hata amejaza karatasi yake.

Ilikuwa kinyume cha utaratibu uliobandikwa ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, na mimi kama mtunza stoo nilitakiwa nimwite arudi. Nilimtazama akifungua mlango wa pikapu, akaweka mfuko kwenye kiti cha mbele, akawasha gari. Kisha nikamuuliza yule aliyefuata anahitaji kamba ngapi.